Je, Wajua? Daktari wa Mansoura na Hesabu ya Kunukuliwa

Je, wajua kwamba mwaka 1997 jarida la Journal of Urology lilichapisha matokeo ya wagonjwa 1,026 walioondolewa kibofu kizima cha mkojo kwa sababu ya saratani, na wote walikuwa wametibiwa Afrika? Waliopasuliwa ni watu wa Misri, wengi wao wakulima wa delta ya Nile. Aliyeongoza kazi hiyo ni Mohamed Ghoneim wa Mansoura, daktari aliyeongoza pia upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Misri, mwaka 1976. Kituo chake cha magonjwa ya figo na njia ya mkojo kilifunguliwa mwaka 1983.

Je, wajua ripoti hiyo ilisema nini? Kati ya kila wagonjwa 100, takriban 4 walifariki kutokana na upasuaji wenyewe au matatizo yaliyofuata. Miaka mitano baadaye, 48 kati ya 100 walikuwa hai bila saratani kurudi. Namba zote mbili ziliandikwa waziwazi, ile ya kutia moyo na ile ya kuumiza. Fikiria kazi ya kumfuatilia mkulima miaka mitano baada ya kurudi kijijini kwake! Mimi naiheshimu kazi hiyo kuliko kisu chenyewe.

Je, wajua saratani hiyo ilitoka wapi? Kwa wengi wao, kwenye kichocho. Minyoo yake iligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Mayai ya minyoo hunasa kwenye ukuta wa kibofu, uvimbe wa ndani ukadumu miaka na miaka, na seli zikaanza kubadilika. Mwaka 1911, A. R. Ferguson, naye akiwa Cairo, alieleza wagonjwa 40 waliokuwa na kichocho na saratani ya kibofu kwa pamoja. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likawaweka minyoo hao rasmi katika kundi la visababishi vya saratani. Ni minyoo walewale wanaowakojolesha damu watoto wa Unguja, Pemba na mwambao wetu.

Je, wajua kuna namba moja inayotumika kupima maisha yote ya mtafiti? Inaitwa h. Aliibuni mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005. Ukiwa na makala 30 ambazo kila moja imenukuliwa na watafiti wengine angalau mara 30, h yako ni 30. Leo namba hiyo huangaliwa hata pale anapotafutwa profesa wa upasuaji. Lakini kuna mambo haiyaoni.

Mfano huu hapa. Mwaka 2001 John Stein na wenzake wa Los Angeles walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,054 walioondolewa kibofu. Upasuaji ni wa aina ileile, idadi ya wagonjwa inakaribiana, na Mansoura ilitangulia kwa miaka minne. Hata hivyo, makala ya Los Angeles imenukuliwa mara nyingi zaidi, kwa mbali. Ni kazi nzuri na inastahili. Ila saratani iliyoielezea ndiyo saratani ya Ulaya na Marekani, ile inayohusishwa zaidi na sigara, na huko ndiko waliko waandishi wengi wa makala. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa Mansoura walikuwa na saratani ya seli bapa, ile ya kichocho. Anayenukuu hunukuu kinachomhusu, na mkulima wa mpunga haandiki makala za kitabibu.

Je, wajua idadi ya wagonjwa si lazima iwe kubwa ili tiba ibadilike? Alvaro Morales, mzaliwa wa Colombia aliyefanya kazi Kingston, Kanada, aliripoti wagonjwa 9 tu mwaka 1976. Aliwaingizia kibofuni chanjo ya BCG, hiyohiyo inayotuachia kovu begani tangu utotoni. Uvimbe ulipungua kurudi. Mpaka leo BCG ni tiba kuu ya saratani ya kibofu ambayo haijazama kwenye misuli.

Je, wajua kibofu kikishaondolewa, kipya huweza kushonwa kwa utumbo? Ghoneim na mwenzake Hassan Abol-Enein walibuni namna ya kuilaza mirija itokayo kwenye figo ndani ya mfereji katikati ya vipande viwili vya utumbo, ili mkojo usirudi nyuma na kuharibu figo. Makala yao ya mwaka 1994 ilifungua njia hiyo kwa madaktari wa nchi nyingine.

Mwaka 2008 Mansoura ilirudi na hesabu mpya: wagonjwa 2,720 mfululizo, bila kuchagua waliopona. Wakati huo Misri ilikuwa inabadilika. Uchunguzi mwingine, wa wagonjwa 9,843 katika taasisi ya saratani ya Cairo, ulichapishwa mwaka 2007. Ulionyesha kuwa kadiri miaka ilivyopita saratani ya seli bapa ilishuka kutoka takriban 76 hadi 28 kwa kila wagonjwa 100. Kichocho kilikuwa kinapungua, na aina ya saratani iliyozoeleka Ulaya ilikuwa inachukua nafasi yake.