Muosha mazulia sharti achague jembe

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima. Ilikusudiwa kumkemea mvivu ambaye, mvua zikishaanza kunyesha na majirani wakiwa shambani, yeye angali anapekuapekua chombo kimoja baada ya kingine akitafuta kisingizio. Katika nyanda za Trans Nzoia na Bungoma, ambako mahindi ndiyo maisha, hakuna asiyeielewa. Hata hivyo, ipo kazi moja iliyoenea katika miji yetu ambayo methali hiyo, ikichukuliwa jinsi ilivyo, huipotosha. Hiyo ni kazi ya kuosha mazulia kwa mashine. Katika kazi hiyo, asiyechagua jembe ndiye asiye mkulima.

Msafiri anayetoka Kitale, akapitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha akaingia Bungoma, atawaona vijana wa kazi hii kandokando ya barabara. Atayaona pia mazulia yameanikwa juu ya nyua, yakitiririsha maji mekundu ya udongo wetu. Wateja wao ni watu wa majumbani, maofisi, makanisa, misikiti na hoteli. Wengi wa vijana hao walihitimu kidato cha nne, wakakosa ajira, wakachanga akiba au wakakopa chamani ili wanunue mashine moja. Mashine hiyo ndiyo shamba lao. Ikifa, nao wamekwisha.

Msimu wa mvua uliopita nilimtembelea mmoja wao mjini Kitale. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo, shavu mkononi. Mbele yake palikuwa na zulia lililorudishwa na mwenyewe. Lilikuwa linanuka uvundo, na upande wa chini ulikuwa umeanza kuota ukungu. Mteja alikuwa amekataa kulipa, tena akidai anunuliwe jingine.

"Mwalimu," aliniambia, "mashine hii ilikuwa simba nilipokuwa nayo Bungoma. Tangu niilete huku juu haivuti tena. Nadhani ni baridi ya Kitale. Itabidi nikope ninunue yenye mota kubwa zaidi."

Nilimuuliza kama analikumbuka somo la shinikizo la hewa la kidato cha kwanza.

Akacheka. "Lile la kopo lililobonyea? Nililipita mtihanini, mwalimu, nikaliacha huko huko."

Kicheko chake kilinichoma. Kijana huyu alikuwa amefunzwa siri ya mashine yake miaka mingi kabla ya kuinunua, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni siri ya mashine. Sasa alikuwa karibu kujitwika deni la pili kwa sababu ya somo ambalo tayari alikuwa amelipata.

Na tulikumbuke somo hilo. Mashine ya kufyonza, kwa hakika, haivuti kitu. Feni iliyomo ndani huitoa hewa nje, na ndani ya tangi hubaki hewa pungufu. Hewa ya nje, ambayo ina uzito na inatuzunguka pande zote, ndiyo inayosukuma maji na uchafu kuingia mpirani. Ni hewa hiyo hiyo inayolibonyeza kopo lililochemshiwa maji, likafunikwa na kupozwa. Evangelista Torricelli, mwanafunzi wa Galileo, alilithibitisha jambo hilo nchini Italia mwaka 1643 kwa mrija wa zebaki. Anayesema mashine yake "haivuti" anapaswa kujiuliza: je, ni kitu gani kinachoizuia hewa kusukuma?

Kijana yule hakuwa mjinga kuutilia shaka mji wa Kitale, ila kosa si la baridi. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma takriban mita 1,400. Mtu apandapo, hewa iliyo juu ya kichwa chake hupungua. Pwani ya Mombasa shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 101. Bungoma ni kama 86, na Kitale ni kama 80 na ushei. Tena feni izungukayo kwa kasi ile ile huzaa nguvu kulingana na uzito wa hewa inayoipitia. Hivyo basi, mashine iliyopimwa nguvu zake kiwandani, karibu na usawa wa bahari, hupoteza takriban sehemu moja kati ya tano ikifika Kitale. Anayenunua mashine kwa kusoma namba zilizoandikwa ubavuni ni vyema alijue hilo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya hasara hiyo tayari ilikuwapo Bungoma. Kutoka Bungoma hadi Kitale, tofauti ni kama sehemu 6 katika kila 100. Simba hawi paka kwa sababu ya sehemu 6. Ni nini basi kilichozila nguvu nyingine?

Tulitafuta ndoo ya maji na mpira mwangavu wenye urefu wa mita 3. Ncha moja tuliichovya ndooni, nyingine tukaifunga barabara kwenye tundu la kufyonzea la mashine, pasibaki mwanya. Mashine ilipowashwa, maji yalipanda ndani ya mpira mwangavu hadi usawa wa kifua changu, yakakwama hapo. Urefu wa maji hayo ndio kipimo cha nguvu ya kufyonza. Mashine nzima ya aina hiyo huweza kuyapandisha maji zaidi ya mita 2.

Tulianza kusaka nyufa. Tulipitisha kipande cha karatasi nyembamba polepole kwenye viungo vyote, na kilipofika kwenye mfuniko wa tangi la maji machafu kikanaswa. Raba ya mfuniko ilikuwa imekauka na kupasuka. Kila mwanya wa namna hiyo ni mlango wa hewa ambao haukupitia zuliani, na hewa hiyo haibebi hata tone moja la maji.

Kosa la pili lilikuwa waya. Kule Bungoma mashine ilikaa karibu na soketi. Hapa Kitale umeme ulitolewa kibandani mbali kwa waya mrefu na mwembamba. Waya wa namna hiyo hupunguza volti, mota ikazunguka pole pole. Nguvu ya feni hufuata kipeo cha pili cha kasi yake: kasi ikipungua kwa sehemu 10 katika 100, nguvu hupungua kwa sehemu 19. Isitoshe, waya mwembamba hupata moto, na moto pamoja na maji na umeme ni kaburi lililo wazi. Tulibadilisha raba na kuisogeza mashine karibu na soketi. Safari hii maji yalipita juu ya kichwa changu.

Kipimo cha ndoo, hata hivyo, hakifichui kila kitu. Huonyesha nyufa na udhaifu wa feni pekee, kwa maana wakati huo hewa haiendi popote. Mpira mwembamba na kichujio kilichoziba hujificha hadi hewa inapoanza kupita kwa wingi. Ili kuwanasa wezi hao, mwaga maji yaliyopimwa juu ya zulia kuukuu, yafyonze, kisha pima yaliyorudi tangini. Kijana wetu alikuwa ameuongeza mpira wake kwa kipande cha inchi moja na nusu ilhali mpira wa asili ulikuwa wa inchi mbili. Hesabu ya jambo hilo inashangaza. Kwa kiasi kile kile cha hewa, mpira wa inchi moja na nusu hupoteza nguvu takriban mara nne ya ule wa inchi mbili wenye urefu sawa. Urefu nao ukiongezwa maradufu, hasara huongezeka maradufu. Mpira mfupi na mpana una thamani kuliko mota mpya.

Na wale wanaohadaika na wati? Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa na mashine. Hakitufahamishi kazi inayofanywa, kama vile ugali mwingi anaokula kibarua usivyotufahamisha ekari alizolima. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza mashine za nyumbani za kufyonza vumbi zinazozidi wati 1,600 kuanzia mwaka 2014, na kuanzia mwaka 2017 ukakishusha kiwango hicho hadi wati 900. Viwanda vililazimika kuboresha feni, mipira na midomo.

Wapo pia wanaouziwa mashine zenye mota mbili bila kuambiwa jinsi zilivyounganishwa. Mwanafunzi aliyewahi kuunganisha betri za tochi ataelewa mara moja. Mota zikifuatana, moja nyuma ya nyingine, nguvu ya kuinua maji huongezeka. Zikiwekwa sambamba, wingi wa hewa ndio unaoongezeka. Mwenye zulia zito lililolowa hadi chini huhitaji ile ya kwanza. Mwenye ukumbi mpana na mdomo mpana huhitaji hewa nyingi.

Hapo ndipo tunapofikia jembe lenyewe, yaani mdomo unaogusa zulia. Hewa ipitayo kwenye mwanya mwembamba huenda kasi, na kasi hiyo ndiyo ing'oayo maji kwenye nyuzi. Mdomo mpana hufaa ukumbi wa kanisa au msikiti iwapo mashine ina hewa ya kutosha. Kwa mashine ndogo, mdomo mwembamba hufanya kazi bora ijapokuwa polepole. Ngazi na viti vya sofa vina mdomo wao mdogo wa mkononi. Wowote utakaochaguliwa, sharti ulale bapa. Ukiinuliwa upande mmoja, hewa ya chumbani huingia bure na zulia hubaki limelowa. Kila unaponyunyiza maji mara moja, pitisha mdomo mkavu mara mbili au tatu.

Brashi nayo ina mahali pake. Brashi ya kuzunguka huamsha vizuri udongo uliokwama kwenye zulia la nailoni lenye nyuzi fupi zilizokatwa. Ukiipitisha juu ya zulia la manyoya marefu, ambalo siku hizi limejaa katika sebule zetu, itayasokota manyoya. Juu ya zulia la vitanzi, itavuta nyuzi. Zulia la sufu hutaka maji yasiyo moto na mkono mpole. La mkonge halitaki kuloweshwa kamwe, kwani hujikunja na kufanya madoa. Hilo lipigwe mashine kavu ya vumbi pekee. Sabuni ya unga isimiminwe kwa ukarimu. Povu lake hupanda hadi kwenye mota, na masalia yake hunata na kuukaribisha uchafu mpya kabla ya wiki kwisha.

Kwa nini yote haya yatushughulishe sisi wa ubao na chaki? Kwa sababu zulia lisilokauka kati ya saa 24 na 48 huanza kuota ukungu, na watoto wetu ndio wanaotambaa na kulala juu yake. Kwa sababu pia kijana aliyepoteza mteja mmoja kwa uvundo hupoteza ukoo mzima wa mteja huyo. Zaidi ya hayo, ujinga huu tumechangia kuutengeneza. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikusudiwa kumpa mwanafunzi maarifa ya kujitegemea. Mtaala wa umilisi, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka 2019, umetoa ahadi iyo hiyo kwa maneno mapya. Ahadi haitimii kwa jina la mtaala. Itatimia pale mwalimu atakapolitoa kopo lililobonyea maabarani na kuliweka kando ya mashine ya kuoshea mazulia.

Nawaomba walimu wa sayansi wa Kitale na Bungoma wafanye jambo dogo. Muhula ujao, darasa likifika kwenye shinikizo la hewa, wawaongoze wanafunzi hadi kwa muosha mazulia aliye karibu, wakiwa na ndoo na mpira mwangavu. Wapime, waandike, wasake nyufa, wapime tena. Fundi atapata mashine nzima, na wanafunzi watapata somo ambalo hawatalisahau. Taasisi zetu za ufundi nazo zingeweza kuwapimia mafundi mashine zao kwa ada nafuu.

Nanyi wanafunzi, msiidharau kazi hii. Mashine ya umeme ya kufyonza vumbi ambayo mtu mmoja angeweza kuibeba na kuitumia nyumbani ilibuniwa mwaka 1907 na James Murray Spangler, mfagiaji wa duka katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa akiugua pumu, na vumbi la ufagio lilimtesa. Alichukua mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaviunganisha. Aliijua kazi yake, akalijua na jembe lake.

Kijana wa Kitale hakununua mota kubwa. Alinunua raba, akakitupa kile kipande cha mpira mwembamba, akaliosha tena lile zulia bila malipo. Nilipomwaga alikuwa amechovya mpira mwangavu ndooni, anapima upya, akiandika kwa kalamu ukutani mahali maji yalipofika.