Mwanafunzi wa filamu aanze kwa kuuliza kamera imesimama wapi

WATAZAMAJI wengi wakiulizwa filamu ilikuwaje husimulia kisa tu: fulani alitenda hili, akafikwa na lile. Hata hivyo, uhakiki huanzia kwenye swali la jinsi kisa kilivyoonyeshwa. Hapo ndipo wanaoanza hukwama, wakakimbilia nadharia kabla ya kuyazoeza macho.

Njia nyepesi ni kuchagua filamu moja fupi na kuitazama tena na tena. Borom Sarret, aliyoitoa Msenegali Ousmane Sembène mwaka 1963, yafaa sana. Kwa takriban dakika 20 inamfuata mwendesha mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Anabeba abiria wasio na cha kulipa, kisha mtu aliyevaa nadhifu anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa wenye nacho ambako mikokoteni hairuhusiwi. Polisi anamsimamisha, mkokoteni unachukuliwa, na abiria yule anatokomea.

Anayesimulia hivyo amesema tu kwamba maskini kaonewa. Na aitazame tena pale nishani ya mwendeshaji inapoanguka. Kiatu cha polisi kinaikanyaga, na kamera, ikiwa chini, inamfanya polisi aonekane mrefu kama mnara. Hakuna anayetamka neno dhuluma. Mahali kamera ilipowekwa pamekwisha kutoa hukumu. Sauti nayo ina lake. Mengi tunayoyasikia ni mawazo ya mwendeshaji, tena kwa Kifaransa, lugha ya mkoloni aliyekuwa ameondoka miaka mitatu tu awali.

Historia inaeleza mengine. Sembène alikuwa tayari mwandishi wa riwaya, lakini wenzake wengi hawakuweza kuzisoma, ndipo akaenda Moscow kusomea filamu. Katika mji huo huo, miongo kadhaa awali, Lev Kuleshov alikuwa ameunganisha uso mmoja wa mwigizaji na picha ya sahani ya supu, kisha jeneza. Inasimuliwa kuwa watazamaji waliona njaa, kisha huzuni, ilhali uso haukubadilika hata kidogo. Maana ilizaliwa pale picha mbili zilipokutana.

Nadharia ije baadaye. Mwaka 1969 Fernando Solanas na Octavio Getino wa Argentina waliandika kuhusu Sinema ya Tatu, inayopinga ukoloni na kukataa mtindo wa Hollywood. Maandishi hayo ni mazito, ila aliyekwisha kuiona nishani ile chini ya kiatu hatapotea.

Mwishoni mwendeshaji anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anampa mtoto amshike, anamwambia kwamba usiku huo watakula, kisha anatoka. Filamu haionyeshi anakokwenda. Mwanafunzi na ajiulize kwa nini Sembène hakumfuata kwa kamera.