Kipimo cha Moyo: Msikiogope

Wazazi wengi wakiambiwa mtoto apimwe moyo kwa ultrasaundi huingiwa na hofu. Wengine humrudisha nyumbani, na ugonjwa ukazidi. Sisi wauguzi twawaambia: kipimo hiki hakina sindano wala mionzi kama eksirei. Hutumia mawimbi ya sauti, kama yale ya kumtazama mtoto tumboni mwa mama.

Kwa kawaida mgonjwa hula na kumeza dawa zake kama siku zote. Huvua nguo za juu na kulala kwa ubavu wa kushoto. Mpimaji humpaka jeli ya baridi kifuani, kisha hupitisha kifaa kidogo juu ya ngozi. Mkisikia mvumo msishtuke. Ni damu inapita. Kazi huchukua dakika 30 hadi 60.

Hapo huonekana kama milango ya moyo, yaani vali, inafunga vizuri. Homa ya baridi yabisi, inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa, huiharibu. Ikigunduliwa mapema, sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 huzuia homa hiyo isirudi. Basi mtoto akiandikiwa kipimo, mpelekeni.