Majina ya Mahali na Njia za Miguu Naivasha

Jina la mahali si kitambulisho tu. Aghalabu ni maelezo yaliyofupishwa. Ukweli huu unabainika Naivasha, katika Bonde la Ufa, ambako watembeaji hufuata njia za miguu kati ya ziwa, milima na makorongo. Naivasha imetokana na neno la Kimaasai Nai'posha, yaani maji yanayochafuka. Ziwa lililotulia asubuhi huvurugwa na upepo wa alasiri.

Vivyo hivyo, Longonot imetokana na Oloonong'ot, mlima wenye migongo mingi. Mlima huu wa volkeno una kimo cha mita 2,776. Anayefika ukingoni mwa kasoko akidhani amemaliza safari, hukuta njia ya kuizunguka, takriban kilomita 7, ikipanda na kushuka mgongo baada ya mgongo. Jina lilikwisha kumwonya.

Hell's Gate, mbuga ya taifa tangu 1984, ina jina la Kiingereza. Lango la Jahanamu humfanya mtu awaze moto, ilhali kilichoua humo ni maji. Mvua inyeshapo mbali kwenye miinuko, maji hukusanyika katika korongo jembamba la Ol Njorowa, hata mbingu ikiwa wazi juu ya mtembeaji. Mafuriko ya ghafla yaliangamiza watu humo Aprili 2012 na Septemba 2019.

Hivyo basi, isimu ya majina isiishie darasani. Maana za majina zikiandikwa kwa Kiswahili kwenye mabango ya njia, pamoja na onyo pale jina lisipoonya, zitaokoa maisha.