Tegan na Sara: Mapacha Wanaoimba Yaliyowakuta

Tegan na Sara Quin ni mapacha wanaofanana, waliozaliwa Calgary, Kanada, Septemba 1980. Kwa zaidi ya miaka 20 wamekuwa wakiimba mambo ambayo wengi wetu humnong'oneza rafiki mmoja tu, tena baada ya kumwapisha: wivu, kuachwa, kumng'ang'ania mtu aliyekwisha ondoka. Wote wawili ni wapenzi wa jinsia moja, na tangu wanaanza hawakulificha hilo.

Msikilizaji mgeni hudhani ndugu hawa hukaa meza moja na kutunga. Sivyo. Kwa sehemu kubwa ya safari yao kila mmoja ametunga zake, na mwenye wimbo ndiye anayeuongoza huku mwenzake akimwitikia. Ndiyo maana albamu yao moja husikika kama shajara mbili zilizojalidiwa pamoja. Tegan huenda moja kwa moja kwenye kidonda. Sara huzunguka, hurudia kifungu kimoja mpaka kinageuka kuwa na maana nyingine. Walipoiandaa Sainthood ya mwaka 2009 walijifungia New Orleans ili angalau wajaribu kutunga pamoja. Ni wimbo mmoja tu wa safari ile ulioingia kwenye albamu.

Walijifunza gitaa wakiwa shule ya sekondari, kwa chombo cha baba yao wa kambo, wakajirekodi kwenye kaseti. Mwaka 1998 walishinda shindano la bendi chipukizi la mjini kwao, na miaka miwili baadaye wakatoa albamu chini ya Vapor, lebo ya mwanamuziki Neil Young na meneja wake Elliot Roberts. Jina lilivuma na So Jealous ya 2004. Wimbo wake mmoja, Walking with a Ghost, ulirudiwa mwaka uliofuata na The White Stripes, bendi nyingine ya watu wawili.

Lakini albamu ya kusikilizwa kwanza ni The Con, ya mwaka 2007. Mtayarishaji mmojawapo alikuwa Chris Walla wa bendi ya Death Cab for Cutie. Ina nyimbo 14, na baadhi hazifiki hata dakika mbili. Zinaanza ghafla, zinasema lililopo, zinakatika. Hakuna mbwembwe za gitaa wala kibwagizo cha kuvutavuta muda. Mtu aliyeumia hana subira ya hayo. Wanaoidhani ni kazi ya kumwaga machozi tu waisikilize tena kwa makini: sauti zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na kila pumzi imewekwa mahali pake. Ukweli wa nyimbo hizo umefanyiwa kazi.

Uwazi wa namna hiyo una gharama. Shabiki anayeimbiwa siri kila usiku hufika mahali akajiona ni mtu wa nyumbani. Kuanzia mwaka 2008 hivi, tapeli mmoja alijifanya Tegan mtandaoni, akazungumza na mashabiki kwa muda mrefu na kujenga nao urafiki, akiwa na nyimbo ambazo hazijatolewa na nyaraka binafsi zilizoibwa. Waliotapeliwa hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezoea kumsikia Tegan akijieleza, na tapeli alijua kuiga lugha hiyo. Filamu ya Fanatical, iliyoongozwa na Erin Lee Carr na kuonyeshwa 2024, inasimulia mkasa huo huku Tegan mwenyewe akiutafuta ukweli.

Mwaka 2013 waligeukia pop kwa albamu ya Heartthrob. Baadhi ya mashabiki wa zamani walinuna, lakini albamu ilifika nafasi ya 3 kwenye chati ya Billboard huko Marekani, na mwaka uliofuata ikawaletea tuzo za Juno nyumbani Kanada. Watoto wengi nao wanazijua sauti zao bila kujua majina: ndio walioimba Everything Is Awesome ya filamu ya Lego, wimbo ambao hata hawakuutunga wao.

Ukweli wao haukuishia kwa wapenzi. White Knuckles, wa mwaka 2016, Sara aliutunga kuhusu uhusiano wake na Tegan, miaka waliyokuwa wakigombana huku wakipanda jukwaa moja. Mwaka 2019 wakatoa kitabu, High School, wakipokezana sura kusimulia ujana wao. Walipokuwa wakikiandika walizikuta zile kaseti za zamani, wakazirekodi upya nyimbo walizotunga wakiwa vijana na kuzifanya albamu nzima, Hey, I'm Just Like You. Kitabu nacho kikawa tamthilia mwaka 2022, kikiigizwa na mapacha waliopatikana TikTok, ambao hawakuwahi kuigiza kabla.

Anayetaka kuwafahamu aanze na The Con, tena kwa spika za masikioni, kisha arukie Hey, I'm Just Like You. Ya pili imerekodiwa miaka 12 baadaye, lakini maneno yake mengi ni ya wasichana wa sekondari, na kwa maoni yangu hayajachuja.