Sauti Ishuke Wapi?

Mtunzi anayeandika nota kwenye kompyuta hupanga sauti nne, huweka maneno chini ya mistari, hubofya kitufe cha kusikiliza, na wimbo ukitoka safi huurusha kama PDF kwenye simu za wanakwaya. Mara nyingi karatasi hiyo haina hata p moja. Kwangu mimi wimbo huo haujaiva. Herufi p, yaani piano kwa Kiitaliano, humwambia mwimbaji aimbe kwa sauti ya chini (wala si polepole, ingawa kwaya nyingi zikishusha sauti, mwendo nao hulegea). Herufi f, yaani forte, humtaka atoe nguvu, na m ikitangulia huzisogeza zote mbili katikati.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya mwalimu wa kwaya, na kwamba Johann Sebastian Bach aliandika alama hizo kwa nadra, nyimbo zake zikadumu. Ni kweli. Ila kule Leipzig Bach alikuwa akiwaongoza waimbaji wake mwenyewe. Jicho na mkono vilitosha. PDF ya leo hufika Bukoba au Kitale kwa mwalimu asiyewahi kuonana na mtunzi. Hata enzi za zamani, kazi iliyopigwa chapa ilihitaji kujieleza: mwaka 1597 Giovanni Gabrieli alichapisha mjini Venice kazi ya ala iliyobeba maneno hayo hadi kwenye jina lake, Sonata pian' e forte. Mwalimu naye hapokonywi mamlaka. Anaweza kuikataa alama anayoiona, asiyoiona ataikataaje?

Kuiandika kwenyewe kuna mtego. Mtu huchapa f kama maandishi ya kawaida, na kwa macho inafanana kabisa na alama. Kompyuta huiona neno tu: sauti haibadiliki, na kurasa zikipangwa upya herufi hiyo yaweza kubaki ikielea mbali na nota yake. Katika MuseScore, programu ya bure, teua nota kwanza, kisha bofya f kwenye kisanduku cha alama. Itaifuata nota hiyo popote itakapohamia. Ukitaka sauti ipande kidogo kidogo, teua nota zote za sehemu hiyo ubonyeze <. Ishuke, bonyeza >. Kwa waimbaji alama hukaa juu ya mstari, maana chini kuna maneno.

Lakini spika zisikudanganye kwamba zitakuonyesha uwiano wa sauti. Katika mfumo wa MIDI, ulioanza mwaka 1983, nguvu ya nota hupimwa kwa namba hadi 127, na MuseScore 3 huipa p 49, f ikapata 96. Namba hazina koo. Soprano wa kompyuta hutoa f ileile kwenye nota ya chini kabisa na kwenye ya juu. Soprano wa kweli akifika chini hubaki na pumzi tu, huku tenor aliyepanda juu akimfunika. Basi mpe tenor mp hapo soprano alipo na f, hata kama kwenye spika itasikika vibaya. Wala usizimwage ovyo: alama kila mizani humzoesha mwimbaji kutozisoma. Tchaikovsky alifikia p sita katika Simfonia yake ya Sita ya mwaka 1893, lakini kwa kipande kifupi tu cha basuni. Kabla ya kutoa PDF, zima spika, waite watu wanne waimbe, ndipo uandike f.