Bidhaa za anga za juu: nauli bado ni kikwazo

BIASHARA ya kutengeneza bidhaa katika anga za juu imeanza kuvutia mitaji ya watu binafsi, lakini hesabu zinaonyesha kwamba ni bidhaa chache tu, nyepesi na za bei kubwa, zinazoweza kumudu gharama zake.

Faida ya kiwanda cha huko ni moja. Ndani ya chombo kinachoizunguka dunia vitu huelea. Kizito hakizami na chepesi hakipandi. Kutokana na utulivu huo, fuwele za dawa zinaweza kukua kwa mpangilio bora, na nyuzi za kioo cha ZBLAN, zinazopitisha mwanga wa mawasiliano, zinaweza kuwa na kasoro chache.

Tatizo ni nauli. Mwaka 2024 kampuni ya SpaceX ya Marekani ilikuwa ikitoza takriban dola 6,000 kwa kilo katika safari za mizigo ya pamoja. Maana yake ni dola 6 kwa kila gramu, kabla ya bima. Aidha, mtambo na kapsuli ya kurudishia mzigo vina uzito kuliko bidhaa yenyewe, hivyo gramu moja inayorudi hubeba nauli ya gramu nyingi. Kwa bei hizo, chuma na nguo havina nafasi.

Hata dawa hazina uhakika. Katika miaka ya 1980 McDonnell Douglas ilishirikiana na Johnson & Johnson kusafisha homoni ya erithropoietini ndani ya vyombo vya Shuttle. Mwaka 1985 Johnson & Johnson ilijitoa, baada ya teknolojia ya jeni kuonyesha njia nafuu zaidi ya kuipata homoni hiyo hapa hapa duniani.

Kampuni ya Varda ya Marekani ilirusha kapsuli yake ya kwanza Juni 2023, ikatengeneza fuwele za ritonavir, dawa ya virusi vya UKIMWI. Kapsuli hiyo ilisubiri kibali cha kurudi kwa miezi kadhaa, ikatua Utah Februari 2024. Mtaji uliokwama angani nao ni gharama.

Kwa hiyo mwekezaji asiangalie kushuka kwa nauli peke yake. Mshindani mkubwa wa kiwanda cha angani ni maabara ya ardhini, ambayo hailipi nauli hiyo.